Mtoto Namba Thelathini na Nane

Theodosia alipojiandikisha kusoma shahada kwa njia ya mtandao, alijua kuna somo moja litakalomtoa jasho. Liliitwa Takwimu za Kati. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja katika kata ya Nyansurura. Kwao ni Muleba. Serikali ndiyo iliyomleta Serengeti, na mwaka wa tatu huo alikuwa ameshazoea vumbi na upepo mkavu wa huku. Hesabu aliiacha kidato cha nne akidhani wameagana moja kwa moja.

Mtandao haukufika ndani ya nyumba za watumishi. Ulipatikana nyuma ya zahanati, juu ya jabali pana ambalo wanawake walilitumia kuanikia mtama. Kila Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, Theodosia alipanda pale na daftari, simu na kitenge cha kujifunika kichwa, akamsikiliza Dokta Desderius. Uso wa mwalimu huyo hakuwahi kuuona. Video ilikula bando, kwa hiyo darasa zima, watu thelathini na kitu waliotawanyika nchi nzima, walimjua kwa sauti tu: sauti ya taratibu, ya mtu anayekohoa kabla ya kusema jambo gumu.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa hii: kila mwanafunzi achukue takwimu za mahali pake pa kazi, aondoe majina ya watu, kisha atafute uhusiano kati ya vitu viwili. Theodosia alichagua umri na uzito wa watoto wa kliniki, wale wa kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Clement, mganga mfawidhi wa zahanati, alimruhusu kutumia rejesta na kompyuta ya ofisi.

Wiki nzima ya Agosti, kazi za asubuhi zikiisha, Mama Winfrida aliketi naye akamsomea. Mama Winfrida alikuwa mhudumu wa zahanati tangu ilipofunguliwa, mwenyeji wa hapo hapo, mwanamke wa miaka hamsini na ushee aliyesoma tarakimu kwa sauti ya kanisani. "Namba kumi na mbili. Januari, tisa nukta moja. Februari, tisa nukta nne. Machi hakuja." Theodosia akaingiza. Kwa kuwa majina hayakuruhusiwa, Mama Winfrida aliyafunika kwa rula, akasoma tarakimu peke yake. Watoto walifika sitini na watatu.

Kompyuta ilipomaliza, kila kipimo kilikuwa nukta. Umri ulikuwa chini, kilo pembeni, na nukta zimetapakaa kama inzi ukutani. Katikati yao ukapita mstari mmoja ulionyooka, ule unaozikaribia nukta zote kwa pamoja. Dokta Desderius alikuwa ameshawaeleza kwamba umbali kati ya nukta na mstari unaitwa mabaki.

"Msiyaogope mabaki," alisema siku hiyo. "Mabaki ni malaria, ni kuhara, ni mama aliyesafiri kwenda msibani. Mtoto wa kweli hakai juu ya mstari. Leo yuko juu yake, mwezi ujao yuko chini."

Theodosia alituma rasimu yake wiki ya mwisho ya Agosti, akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumamosi, darasa lilipokwisha na wengine kuanza kuaga, sauti ikamwita.

"Theodosia, usikate."

Alibaki peke yake kwenye simu, jabali likiwa bado na joto chini ya miguu.

"Kazi yako nimeipitia," alisema Dokta Desderius. "Ni nzuri, sikufichi. Lakini huyu mtoto namba thelathini na nane umemtoa wapi?"

"Kwenye rejesta, Mwalimu. Kama wengine."

Akakohoa. "Fungua jedwali la mabaki. Nisomee safu yake, kuanzia Januari."

Theodosia alifungua daftari alikonakili. "Januari, pungufu gramu mia tatu. Februari, pungufu mia mbili. Machi, pungufu kilo moja." Machi mtoto alikuwa ameshuka hadi nane nukta tatu. "Aprili, sifuri. Mei, sifuri. Juni..." Akafuata kwa kidole. "Juni sifuri. Julai sifuri. Agosti sifuri."

"Mizani yenu inasoma gramu mia mia. Kwa kipimo hicho, mtoto huyu amekaa juu ya mstari miezi mitano mfululizo. Mara moja inatokea, mara mbili unashangaa. Mara tano, dada yangu, hiyo ni kalamu ya mtu. Kuna mtu aliketi mezani akatunga."

"Mimi sijatunga, Mwalimu."

"Sijasema wewe. Muulize anayeandika hiyo rejesta."

Anayeandika rejesta alikuwa yeye.

Alishuka kwenye jabali haraka kuliko ilivyo salama. Zahanati ilikuwa kimya, Mama Winfrida yuko nyuma akifua kaptura za mizani, zile za kuning'inizia watoto, kwa ajili ya kliniki ya Jumanne. Theodosia alifungua rejesta kwenye meza ya dirishani, akahesabu kwa kidole mpaka namba thelathini na nane.

Brayan Magige. Mama: Wegesa. Kitongoji chao kilikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya korongo.

Mwandiko ulikuwa wake. Saba zake alizikata kwa mstari katikati, kama alivyofundishwa na masista wa shule ya msingi, na hakuna mwingine zahanati nzima aliyeandika saba hivyo. Alifungua kitabu cha mahudhurio ya kila siku ya kliniki. Aprili: wa kumi na saba, Brayan Magige, tisa nukta tano. Mei: wa ishirini na mbili, tisa nukta saba. Jina halikubanwa pembeni wala kupachikwa baadaye kati ya mistari. Lilikuwa na mstari wake, kabla yake mtoto mwingine, baada yake mwingine, na namba za foleni hazikuruka.

Akajaribu kumkumbuka. Watoto wale sitini na wawili wengine, kila mmoja aliweza kumpata kwa jambo fulani: huyu ana kovu la moto, yule mama yake ni mrefu, yule alimkojolea sare. Mahali pa namba thelathini na nane palikuwa patupu kabisa kichwani mwake, kama palipofutwa.

Mama Winfrida aliingia na beseni.

"Mama Winfrida, unamkumbuka Brayan Magige?"

Yule mama aliweka beseni chini polepole. "Wa Wegesa?"

"Ndiyo."

"Sista, yule mtoto alifariki. Mwezi wa tatu mwishoni, baada ya kliniki. Wewe ulikuwa likizo kwenu. Walimleta na pikipiki, amekakamaa, Mganga akamwandikia rufaa ya hospitali, akakata roho njiani kabla hawajafika lami. Nilikwenda kuzika mimi mwenyewe."

Theodosia aligeuza rejesta. Akaisogeza mbele ya yule mama. Mama Winfrida alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, kisha akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya khanga ingawa haikuwa na uchafu.

"Mimi ndiye naita majina," alisema. "Kadi zikija kwenye kisanduku, naita moja moja. Huyu sijamwita. Nakuapia, sijamwita."

"Lakini nimemwandika."

"Umemwandika."

Walimwita Clement. Alikuwa mtu wa kazi, asiyependa maneno mengi, na alichofanya kwanza ni kuning'iniza dumu la maji la lita tano kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye tano, pamoja na kauzito kadogo ka dumu. Akaweka la lita kumi. Likasoma kumi. Mizani ilikuwa nzima.

"Umeruka mstari," alimwambia Theodosia. "Umepima mtoto mwingine, ukaandika jina la huyu. Siku ya kliniki kuna fujo, inatokea. Kata kwa kalamu nyekundu, weka sahihi, yaishe."

"Miezi mitano, Mganga? Na mtoto mwingine mwenyewe aandikwe wapi?"

Clement alirudi ofisini kwake. Wakamsikia anafungua na kufunga droo.

Theodosia aliketi kwenye ngazi ya zahanati. Hapo ndipo jambo jingine lilipomjia. Ule mstari. Mwezi wa nne mstari haukuwepo. Aliuchora mwenyewe mwezi wa nane, kutokana na uzito wa watoto wote, pamoja na vipimo vya Agosti. Hata kama kuna mtu alitaka kutunga, asingejua aandike nini, kwa sababu hakuna aliyejua mstari utapita wapi. Alipanda tena jabalini, akampigia mwalimu wake, akamwambia. Akamwambia pia kwamba mtoto alikuwa amekufa.

Upande wa pili akakohoa, akakohoa tena.

"Nitumie takwimu zote kama zilivyo," alisema Dokta Desderius.

Baada ya nusu saa alipiga mwenyewe. Sauti yake haikuwa na kikohozi.

"Nimemtoa nikapiga hesabu upya. Mstari haukusogea, na yeye bado yuko juu yake. Nimefundisha somo hili miaka kumi na minne, Theodosia. Sina maelezo. Ukiandika ripoti, andika kwamba huna maelezo. Usitunge."

"Na Septemba?" aliuliza Theodosia. "Mstari unasemaje kwa Septemba?"

"Umri wake ungekuwa miezi ishirini. Kumi na nusu." Kisha akaongeza haraka, "Usiku mwema," ingawa jua lilikuwa halijazama.

Jumapili baada ya misa Theodosia alivuka korongo. Njia ilipita kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelala, ng'ombe wameachiwa wajitafutie. Aliuliza mara mbili, akaelekezwa. Kwenye mji wa familia ile kulikuwa na nyumba mbili za bati, na mlangoni mwa moja bibi mmoja alikuwa akipukuchua mahindi. Huyo alikuwa mama mkwe wa Wegesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nesi, karibu. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kumsalimia Wegesa."

Bibi alimwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba mwanamke kijana alikuwa ameinama juu ya mwamba, anatandaza udaga wa muhogo ukauke. Mikono ilikuwa myeupe mpaka viwiko. Mume wake, Magige, alikuwa Kerende akifanya kazi za machimbo. Alirudi mara moja kwa mwezi.

"Mama Brayan, habari za hapa?"

Wegesa aliacha kazi. "Siku hizi hakuna anayeniita hivyo."

"Nisamehe."

"Hapana, niite tu. Ndilo jina langu."

Theodosia alimpa pole, akaeleza kwamba alikuwa likizo, kwamba habari amezipata jana tu. Wegesa aliitikia kila neno kwa adabu. Kisha akauliza, bila ukali, "Umetembea njia yote hiyo kunipa pole ya miezi mitano?"

Theodosia alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Badala yake akauliza, "Kadi yake ya kliniki ipo?"

"Tulimzika nayo. Mama mkwe alisema vitu vyake visibaki ndani. Kadi, kikombe chake, na viatu vya bluu. Kwa nini?"

Basi Theodosia akamwambia. Hakupamba wala kupunguza. Alisema alichokiona kwenye kitabu, kwa mwandiko wa nani, na miezi gani. Alitegemea mayowe, au kufukuzwa. Wegesa alikung'uta mikono tu, akaketi juu ya mwamba pembeni ya udaga.

"Mwezi wa nne alikuwa na kilo ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Wa tano?"

"Tisa nukta saba."

"Juzi juzi hapa, wa nane?"

"Kumi nukta tatu."

Wegesa alitazama ng'ombe bondeni, midomo ikihesabu. "Mara ya mwisho nilipomleta alikuwa na nane nukta tatu. Ulinigombeza. Ulisema nimpe mayai, nimpe na karanga."

Theodosia hakukumbuka kabisa kumgombeza. "Ndiyo," alisema, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Kwa hiyo anaongezeka."

"Kitabu kinasema hivyo."

Wegesa alicheka kidogo, kicheko cha mama aliyesifiwa mtoto, kisha akaziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Aliposhusha mkono, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nesi," alisema, "mimi niko hapa. Kwangu hajala tangu mwezi wa tatu. Sasa nani anamlisha?"

Mlangoni, mahindi yaliacha kulia ndani ya ungo. Bibi alikuwa amesimama. Aliwatazama kidogo, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Kliniki ni lini?" aliuliza Wegesa.

"Kesho kutwa. Jumanne."

"Nitakuja."

Jumanne ilianza kama Jumanne zote. Akina mama walijaa kibarazani na chini ya paa la ubavuni, watoto wakilia kwa kupokezana. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, na kaptura ya kitambaa ikining'inia kwenye ndoano yake, mashimo mawili ya miguu yakiwa wazi. Kabla ya kuanza, Theodosia na Mama Winfrida walihesabu kadi kwenye kisanduku, mara mbili. Arobaini na nne. Clement alivuta kiti mpaka mlangoni mwa ofisi yake, akasema ndani kuna joto.

Wegesa alifika saa tatu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na khanga moja imekunjwa begani. Mazungumzo yakapungua alipopita. Wote walijua hana mtoto wa kupima. Mwanamke mmoja alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kwa kiganja, na Wegesa akaketi, mikono magotini, macho kwenye mizani.

Wa kwanza akapita, wa pili, wa kumi. Theodosia alimtazama kila mtoto usoni kabla ya kuandika. Wa ishirini na tano alikuwa msichana mnene aliyeshika sikio lake kwa nguvu. Wa ishirini na sita alikuwa na mafua. Mama yake alimtoa kwenye kaptura, Theodosia akageukia kitabu, akaandika uzito wake, akashuka mstari unaofuata, akaandika. Kisha akaangalia alichokiandika.

Ishirini na saba. Brayan Magige.

Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Sista," alisema Mama Winfrida nyuma yake, kadi mkononi. "Sijaita."

Boriti ilitoa mlio mdogo, ule inaoutoa ikibeba uzito. Theodosia aligeuka. Kaptura ilikuwa tupu; mwanga ulipita kwenye mashimo yote mawili ya miguu. Lakini kamba zake zilikuwa zimekaza mpaka kwenye ndoano, na kitambaa cha chini kilikuwa kimevutika kama kilivyozoea kuvutika. Ilizunguka taratibu, nusu duara kuelekea kwenye mabenchi, ikarudi, ikazunguka tena, kama inavyozunguka mtoto anapomtafuta mama yake kati ya watu. Mshale ulitetemeka, ukatulia. Kumi na nusu.

Hakuna aliyepiga kelele. Baadaye wengi walishangazwa na hilo. Mtoto mmoja aliyekuwa analia alinyamaza, akabaki na mdomo wazi.

Wegesa aliinuka. Alitembea mpaka kwenye mizani bila haraka, akashika kamba kwa mkono mmoja kuituliza, kama mama yeyote anavyofanya mtoto wake akiogopa kubembea. Akaanza kusema kwa Kingoreme, lugha ya hapo, kwa sauti ya chini, maneno mengi mfululizo. Theodosia hakuelewa hata moja. Aliona tu kwamba hakuwa analia, na kwamba alisema kama mtu anayetoa maelekezo: hapa hivi, pale vile.

Kisha Wegesa alipitisha mikono yote miwili ndani ya kaptura, mahali ambapo kwapa zingekuwa, akainua. Mshale ukarudi kwenye sifuri kwa kishindo kile kile walichokizoea. Kaptura ikalegea. Yeye aliinama mbele mpaka mgongo ukawa kama meza, akarusha khanga juu, akaifunga kifuani, akajitikisa mara moja kumweka sawa. Aliwaaga akina mama kwa kichwa. Akashuka ngazi, akashika njia ya korongoni.

Kuhusu khanga ile, watatu wale hawajawahi kukubaliana. Clement anasema ilikuwa bapa kama mgongo wenyewe, na kwamba alimwona mwanamke mwenye huzuni na mizani yenye kutu, basi. Mama Winfrida anasema ilikuwa imejaa, na miguu miwili ikijitokeza pembeni ya kiuno. Theodosia hawezi kusema. Muda wote ule alikuwa anamtazama Wegesa usoni.

Kliniki iliendelea, kwa sababu ilibidi iendelee. Watoto kumi na nane walikuwa bado. Mikono ya Theodosia ilikuwa baridi kiasi kwamba mtoto wa kwanza aliyemshika baada ya hapo aliruka.

Mchana, walipobaki wenyewe, alimuuliza Mama Winfrida yule mwanamke alisema nini.

Mama Winfrida alifikiri namna ya kuyaweka kwa Kiswahili. "Alimwambia, hawa watu si wa kwetu, usiwasumbue kazi yao. Akamwambia, Mganga hakukosea kukupa rufaa, mimi ndiye nilichelewa kukuleta. Akasema, umekua, nimeona, inatosha. Twende nikakulaze."

"Akamlaze wapi?"

"Sasa wapi, Sista? Pale alipomlaza kwanza."

Siku mbili baadaye bibi mwenyewe alikuja zahanati na mgongo unamuuma. Alipokuwa anasubiri dawa alieleza, bila kuulizwa, kwamba Jumanne Wegesa alirudi moja kwa moja hadi kaburini, akafungua khanga, akaitandaza juu, akakaa pale mpaka jua la utosini. Alipoingia ndani alisonga ugali, akala sahani mbili. Tangu mwezi wa tatu alikuwa anadonoa tu. Kisha akalala mpaka siku ya pili asubuhi, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

"Na wewe bibi, ulimsikia akisema kitu?"

"Sisikii vizuri siku hizi," alisema bibi, akapokea dawa yake.

Theodosia na Clement walikwenda pamoja na Wegesa kwa mtendaji wa kata, kifo kiandikishwe, maana mtoto aliyefia njiani hakuwa ameandikwa popote. Karani alitaka kuandika Brian. Wegesa alimsimamisha, akamtajia herufi moja moja mpaka ikawa sahihi. Mwezi uliofuata alimfuata mumewe Kerende, na habari zilizofika ni kwamba wako pamoja na anauza chakula karibu na machimbo.

Kwenye ripoti Theodosia aliandika watoto sitini na wawili. Chini yake aliongeza aya moja: mtoto mmoja ameondolewa kwa kuwa alifariki mwezi Machi, na vipimo vilivyoandikwa kwa jina lake baada ya hapo, mwandishi hana maelezo yake. Alitegemea maswali. Dokta Desderius alimpa sabini na nne, akaandika "Imepokelewa", na Jumatano iliyofuata alifundisha mada mpya bila kutaja neno. Darasa lilipokwisha, mtu mmoja alibaki kwenye simu muda mrefu bila kusema, anapumua tu, kisha akakohoa na kukata.

Oktoba hapakuwa na mstari wa Brayan kwenye kitabu, wala Novemba. Theodosia alifaulu somo lile na mengine yaliyofuata. Bado yuko zahanati ile. Siku ya kliniki, mtoto akishavalishwa kaptura na kuning'inizwa, hasomi mshale kwanza. Ananyoosha mkono, anashika mguu wa mtoto, anausikilizia kidogo kwenye kiganja chake, ndipo anasoma na kuandika. Akina mama wanadhani ni desturi ya kwao, ya Wahaya. Mmoja mgeni, aliyeolewa hapo kutoka Sirari, alimuuliza ana maana gani.

"Naangalia kama ana joto," alisema Theodosia, akaandika.